Eti bado hatujakomaa kusimamia ardhi na hela zetu?

"Habari mtaalamu. Mimi ni katibu wa kamati ya matumizi ya ardhi kwenye kijiji cha wafugaji huku Kiteto. Kuna shirika lilikuwa linatujengea uwezo kwa miaka mitatu, semina nyingi sana, utawala bora, haki za ardhi, jinsia, vyeti vimejaa begi. Mradi umeisha, yule afisa aliyekuwa anatuandikia ripoti na mahesabu kaondoka na kila kitu kipo kwenye kompyuta yake. Sasa imekuja kampuni ya kaboni ya udongo na mkataba wa miaka 40, wote Kiingereza, wanataka tusaini kabla mwezi haujaisha. Mwenyekiti anasema kijiji hakina uwezo bado, bora hela zipitie shirika lingine litusimamie mpaka tukomae. Wazee wako kimya. Ni kweli hatuna uwezo? Na tunaupataje, maana semina tumesoma mpaka basi? Naogopa pia nikiolewa kijiji kingine hii kazi itakufa."

Dada yangu, asante kwa kuandika kwa urefu hivi, maana swali lako limebeba maswali matatu na watu wengi huwa wanayachanganya: kama mna uwezo, kama mna haki ya kuamua hata kabla ya huo uwezo kutimia, na namna ya kufanya uwezo ubaki kijijini badala ya kuondoka na mtu mmoja. Nitajibu yote, ila nianze na lile la haraka.

Msisaini mwezi huu. Hakuna sheria ya nchi hii inayokilazimisha kijiji kusaini mkataba wa malisho kabla ya mwezi kuisha, hiyo tarehe ni ya kampuni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi kama mdhamini, yaani inashika mali ya watu wengine, na kwenye kugawa ardhi haiwezi kufanya lolote bila mkutano mkuu wa kijiji kukubali kwanza. Mkutano mkuu ni kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea, bibi yako yumo, morani yumo, wewe umo. Kwa hiyo jambo la kufunga malisho miaka 40 haliwezi kuishia kwa mwenyekiti na mhuri wake ofisini, hata kama ni mtu mzuri kiasi gani. Mwambieni mgeni kwa heshima kwamba mnahitaji mkataba kwa Kiswahili, mnahitaji muda wa kuujadili, na jibu litatoka mkutanoni. Kampuni iliyojipanga kukaa na nyie miaka 40 itaweza kusubiri miezi michache, na kama haiwezi basi hapo mmeshajifunza kitu kikubwa kuihusu.

Sasa hili la "mpaka mkomae". Mwenyekiti wako hajalitunga yeye, ni wazo la zamani sana na limezunguka dunia nzima, kwamba jamii za asili lazima kwanza wafundishwe, wakifaulu ndo wapewe maamuzi. Mimi nalipinga kabisa. Umoja wa Mataifa ulipopitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili tarehe 13 Septemba 2007, nchi 144 zilisema ndiyo na Tanzania ilikuwa mojawapo, na kifungu cha 3 kinasema watu hawa wana haki ya kujiamulia mambo yao. Hakijasema wakishamaliza mafunzo. Na jamii za wafugaji wa kwetu walikuwemo kwenye safari hiyo toka mapema, mwaka 1989 Moringe ole Parkipuny, aliyekuwa mbunge wa Ngorongoro, alisimama Geneva kwenye kikao cha Umoja wa Mataifa akawa Mwafrika wa kwanza kuongea pale kwa niaba ya jamii za asili za bara hili.

Najua kuna mtu atakwambia hayo mambo ya kujiamulia ni kutaka kujitenga na nchi. Sio kweli, na ni muhimu uweze kulijibu bila kugombana. Azimio lenyewe linalinda mipaka ya nchi zilizopo. Pia usipoteze nguvu kubishana nani ni wa asili zaidi, serikali yetu msimamo wake siku zote ni kwamba Watanzania Waafrika wote ni wa asili, na mnaweza kufanya kazi kubwa bila kumaliza ubishi huo. Mlango wenu upo tayari na ni wa kisheria: kijiji. Kijiji cha Tanzania kina mipaka, kina mkutano mkuu, kinatunga sheria ndogo zikapitishwa na halmashauri ya wilaya, kinapanga matumizi ya ardhi yake. Wafugaji wa nchi nyingi wangetamani mlango kama huo. Shida ni kwamba kwenye vijiji vingi mlango upo ila ufunguo anao mtu mwingine.

Nikueleze kwa nini semina miaka mitatu hazikuacha kitu, maana sio kwamba nyie ni wazito. Semina inamfundisha mtu, lakini uamuzi wa kijiji unakaa kwenye utaratibu: nani anaitisha kikao, nani anaandika, hela inasainiwa na nani, mtu akikosea anaulizwa wapi. Ukimfundisha mtu halafu utaratibu ukabaki mikononi mwa shirika, yule mtu hana pa kutumia alichojifunza na baada ya muda kinamtoka. Na mfadhili kwenye ripoti anahesabu watu waliofundishwa, wanawake wangapi, vijana wangapi, hahesabu maamuzi ambayo kijiji kimeyafanya peke yake na kuyasimamia. Mtoto wa kifugaji anajifunza kuchunga kwa kupewa ndama halisi, siku moja mmoja anapotea, anatafutwa, na kesho yake mtoto anapewa tena. Mahesabu nayo ni vivyo hivyo, utayajua kwa kushika kitabu chenye hela za kweli ndani yake.

Tena uwezo mnao, ila hakuna aliyeuandika kwenye fomu ya mradi. Nani anaamua alalili (malisho mnayoyatenga yapumzike) ifungwe lini na ifunguliwe lini? Nani anajua mwaka wa ukame ng'ombe waende upande gani, ronjo (kambi za muda za kuchungia) zipigwe wapi, na kijiji jirani kiombwe kwa maneno gani? Hayo ni maamuzi magumu ya rasilimali na malaigwanani (viongozi wenu wa mila) na wazee wenu wanayafanya bila posho. Na hapa nataka usome kwa makini: kwenye mradi wa kaboni ya udongo bidhaa inayouzwa ndo hiyohiyo. Udongo wa malisho unatunza kaboni zaidi pale majani yanapopumzishwa na mizizi ikapata nguvu, kwa hiyo kampuni inawaomba mfuate mpango fulani wa kuzungusha mifugo, inapima udongo, inauza ile kaboni iliyoongezeka udongoni kwa makampuni ya nje yanayotaka kufidia hewa chafu yao. Yaani wanachonunua ni uamuzi wenu wa wapi ng'ombe wapite, kwa miaka 40. Ukiliona hivyo utaelewa kwa nini siwezi kukwambia muachie shirika lishike mpaka mkomae. Mkishamkabidhi mtu mwingine huo uamuzi hamtakuwa na kitu cha kufanyia mazoezi.

Kuna watu wameshapita njia hii na wako jirani yako hapohapo mkoa wa Manyara. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilaya ya Mbulu, walikuwa wanapoteza ardhi ya kuwinda na kuchimba mizizi mwaka hadi mwaka kwa sababu kila aliyekuja aliiona kama haina mwenyewe. Kilichofanyika, wakisaidiwa na UCRT, shirika la Arusha linalosaidia jamii kupata haki za ardhi, hakikuanza na hela. Ilianza mipaka ya kijiji, ukaja mpango wa matumizi ya ardhi, zikaja sheria ndogo, halafu mwaka 2011 wakapata hati ya hakimiliki ya kimila ya kikundi, jamii nzima ikashika ardhi kwa jina moja badala ya kila mtu na kipande chake anachoweza kushawishiwa kukiuza. Ni baada ya hapo ndo mradi wa kaboni na kampuni ya Carbon Tanzania ukasimama kwenye vijiji vya Domanga na Mongo wa Mono, ukisimamiwa na vijana wao wanaozunguka msitu na kuandika wanachokiona, na mapato yakaenda kwenye matibabu na ada za shule. Edward Loure wa UCRT alipewa tuzo ya kimataifa ya mazingira ya Goldman mwaka 2016 kwa kazi hii ya hati za pamoja. Angalia mpangilio wake: ardhi kwanza, kanuni, watu wa kusimamia, hela mwishoni. Nyie mnaambiwa muanze na hela.

Ila nyie ni wafugaji na kuna tofauti moja ambayo usiisahau. Hati ya kijiji kimoja inaweza kuwafunga, maana mvua haijui mpaka wa kijiji. Kwenu Kiteto kuna mfano wa OLENGAPA, vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa vilikubaliana kupanga matumizi ya ardhi kwa pamoja, malisho na maji wanatumia pamoja, wakaunda chama cha wafugaji cha kusimamia na kupata hati za kimila za eneo la pamoja. Nenda kawatembelee kabla ya kikao chenu. Beba wazee wawili, mama mmoja anayesikilizwa na kijana mmoja, mkae nao siku nzima, muwaulize yaliyowashinda pia, wakulima kuingia, nani analipa walinzi. Safari hiyo itawafundisha zaidi ya semina tano za hotelini.

Turudi kwenye hela, maana ndo mwenyekiti anapoogopa na hofu yake sio ya kipuuzi. Njia zipo tatu na kila moja ina ubaya wake. Ya kwanza ni hiyo anayoitaka, shirika lipokee na kusimamia. Mahesabu yatakuwa safi, wakaguzi watafurahi, lakini miaka ikipita bado mtakuwa mnaomba ruhusa kwenye hela zenu, na siku shirika likiishiwa mfadhili mnarudi mlipo leo. Ya pili ni kijiji kipokee chote kesho asubuhi. Kwa heshima ni nzuri, ila nikuambie ukweli, nimeona vijiji hela nyingi ikiingia ghafla watu watatu wanne wanajenga nyumba na kijiji kinagawanyika koo kwa koo, na likishatokea hilo mara moja wanaosema hamjakomaa wanapata ushahidi wa kutumia kila mahali. Ya tatu ndo naiunga mkono: hela iingie akaunti ya kijiji toka siku ya kwanza, shirika au mhasibu wa nje akae pembeni kama msaidizi, na iandikwe kwenye mkataba tarehe ya yeye kuondoka na kazi gani anakabidhi kila mwaka. Mwaka wa kwanza anaandika yeye na kijana wenu anaangalia, mwaka wa pili kijana anaandika yeye anakagua, mwaka wa tatu anakuja kukagua tu. Bila tarehe, msaidizi wa muda anageuka kuwa wa kudumu.

Marekani wamelijaribu hili kwa kiwango cha nchi. Sheria ya mwaka 1975 iliwaruhusu wenyeji asilia kuchukua wenyewe huduma ambazo serikali kuu ilikuwa inawaendeshea, zahanati, shule, polisi, pamoja na bajeti zake. Watafiti wa Harvard, Stephen Cornell na Joseph Kalt, wamefuatilia jamii hizo toka mwaka 1987 na jibu lao ni kwamba zilizofanikiwa kiuchumi ni zile zilizoshika maamuzi zenyewe, zikawa na vyombo vinavyofanya kazi kweli, na vyombo hivyo vikaendana na namna watu wenyewe wanavyoelewa uongozi. Hilo la mwisho linawahusu sana. Wazee wenu wako kimya kwa sababu kamati imeundwa kwa lugha na taratibu ambazo sio zao. Usiende kuwaambia wahudhurie kikao cha kamati. Wapelekee jambo kule wanakokaa, chini ya mti, waongee Kimaasai mpaka wamalize, na wewe uandike walichoamua kama sehemu ya kumbukumbu za kijiji.

Kuhusu kumbukumbu nitakaa kidogo maana hapa ndo kazi yako itapona au itakufa. Nunueni kaunta buku moja nene. Kila kikao andika tarehe, waliokuwepo na saini au dole gumba, swali lililoletwa, waliopinga walisema nini (watu wengi wanaacha hili), uamuzi, nani anatekeleza na mpaka lini. Mwanzoni mwa kikao kinachofuata usome yale ya nyuma kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kimaasai. Mihutasari rasmi ya kijiji inakaa kwa Mtendaji na huyo ni mtumishi wa halmashauri ya wilaya, anaweza kuhamishwa wakati wowote, kwa hiyo piga picha kila ukurasa uhifadhi nakala sehemu mbili. Mapato na matumizi yabandikwe ubaoni na kusomwa kwenye mkutano mkuu wa kila miezi mitatu, na anayesoma asiwe yuleyule aliyeshika hela. Wasainiji wa benki wawe watatu kutoka koo tofauti na mmoja wao awe mwanamke. Simaanishi mwanamke wa kujaza fomu. Sheria imeshaweka wanawake watatu kati ya wajumbe saba wa Baraza la Ardhi la Kijiji, lakini kuwekwa na kusikilizwa ni vitu viwili. Kule Loliondo baraza la wanawake wafugaji, PWC, lilianza mwaka 1997 na limeonyesha kwamba akina mama wakikaa kwanza peke yao wakajipanga, wakifika mkutano mkuu wanaongea kwa sauti moja na ni vigumu kuwapita.

Na wewe kuolewa: tafuta sasa hivi wawili wa kukaa nao, mmoja binti mmoja kijana, wasiwe ndugu zako. Vikao vitatu vijavyo waandike wao wewe ukisahihisha. Weka utaratibu kwamba katibu anabadilika kila baada ya muda fulani hata kama ni mzuri, na anayeondoka anakabidhi vitabu mbele ya mkutano. Na yule afisa wa shirika, mwandikieni barua rasmi leo kuomba mafaili yote ya kijiji, ramani, orodha, mahesabu. Ni taarifa zenu.

Mkataba wenyewe mtausoma na mwanasheria, ila kuna vitu ambavyo mwanasheria wa mjini hatavijua mpaka mumwambie. Kikubwa ni ukame. Mnakumbuka mwaka 2022 hali ilivyokuwa, mizoga kila mahali. Ukija mwaka kama ule, nani ana ruhusa ya kufungua eneo lililofungwa, nyie au meneja wa mradi? Mkivunja mpango ili kuokoa ng'ombe mnakatwa malipo? Wageni kutoka kijiji jirani wanaruhusiwa? Hilo lijibiwe kwa maandishi kabla ya kuongelea bei. Halafu muulize asilimia yenu inahesabiwa kwenye mauzo yote au kwenye kinachobaki baada ya gharama zao, maana tofauti hapo ni kubwa sana. Ulizeni mnaruhusiwa kuona risiti za mauzo, mnaweza kujitoa baada ya miaka mingapi na kwa masharti gani, kampuni ikiuzwa kwa nyingine inakuwaje, na ugomvi unaamuliwa mahakama ya wapi. Kama wanatoa hela ya awali wakati wa kusaini, ulizeni kama ni zawadi au ni deni litakalokatwa baadaye. Miaka 40 ni ndefu mno kwa maoni yangu, mtoto atakayezaliwa leo atakuwa na wajukuu karibu na huo mkataba bado unaishi. Ombeni mfupi wenye kupitiwa upya kila baada ya miaka michache.

Sitaki pia uamini kwamba ukijipanga vizuri kila kitu kitanyooka. Waogiek, jamii ya asili ya msitu wa Mau, Kenya, walikwenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu hapo Arusha kudai ardhi yao, wakashinda tarehe 26 Mei 2017, na Juni 2022 mahakama ikaamuru walipwe fidia na warudishiwe ardhi ya mababu zao, na bado Novemba 2023 kuna familia zilibomolewa nyumba msituni. Inauma sana. Lakini kesi ile ilidumu miaka mingi kwa sababu walikuwa na chombo chao wenyewe, wazee wa kutoa ushahidi na watu wao wa kufuatilia, na leo wanayo hukumu mkononi ambayo hakuna anayeweza kuifuta.

Mambo ambayo usijaribu peke yako wala kwa kusoma majibu yangu: mkataba wenyewe lazima mkae na mwanasheria ana kwa ana muupitie. Anzeni kwa mwanasheria wa halmashauri ya wilaya, lakini kwa kuwa wilaya nayo inaweza kuwa na maslahi kwenye mradi, tafuteni na wa kwenu, Chama cha Wanasheria Tanganyika kina tawi Arusha, na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017 wapo kwenye wilaya nyingi, hawatozi. Kuhusu upande wa kaboni, Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni kipo Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro, waandikieni kuuliza kama huyo mwekezaji na mradi wake wamesajiliwa. Kama mpaka wenu na kijiji jirani una mgogoro, huo umalizwe kwanza, na kama mtu yeyote kijijini ameanza kutishiwa kwa kuuliza maswali, au kuna karatasi zinapitishwa boma kwa boma watu wanasaini usiku, usisubiri kikao, nenda kwa mwanasheria siku hiyohiyo na nakala za picha ulizopiga.

Kwa wiki hii nenda ofisi ya kijiji umuombe Mtendaji karatasi tatu: cheti cha ardhi ya kijiji, mpango wa matumizi ya ardhi kama upo, na mihutasari ya mikutano mikuu ya mwaka mmoja uliopita. Kama mojawapo haipo, iwe ajenda ya kwanza ya mkutano mkuu unaokuja, kabla ya kampuni kupewa nafasi ya kuongea.